Ndoa Ikifika Kikaoni

Jumamosi moja, saa tisa alasiri, niliitwa usharikani kwa kuwa miaka saba kabla ya hapo nilisimamia ndoa ya vijana wawili. Kwetu msimamizi wa ndoa si mtu wa kupiga picha na kula keki tu. Akishatia sahihi kwenye cheti, amejifunga kuitwa siku nyumba ile itakapofuka moshi. Nilikuta meza ndefu, wazee wa kanisa wanne, mchungaji, na katibu na daftari lake. Mume aliketi upande huu, mke upande ule. Tukafungua kwa sala, ikasomwa Waefeso sura ya 5, kisha mwenyekiti akasema, "Haya mama, tueleze. Shida ni nini?"

Mama akaeleza habari za ada ya shule. Akaeleza kwamba mwenzake huchelewa kurudi na simu yake huilaza kifudifudi. Kwa dakika arobaini alisema mambo ya namna hiyo, na katibu akayaandika yote. Mume akakiri, akaomba radhi, wakaambiwa washikane mikono. Saa kumi na moja tulikuwa tumemaliza, kila mmoja ameridhika. Tulipokuwa tukisubiri bodaboda, yule mama aliniambia neno moja ambalo daftarini halikuwemo, nami sitaliandika hapa. Nikamuuliza mbona hakulisema mle ndani.

"Baba, mbele ya watu saba na daftari? Na mwenyekiti ni jirani ya mama mkwe wangu?"

Wanaofundisha unasihi wa Kikristo hupenda kuanza na ugomvi mwingine: je, mchungaji atumie Biblia peke yake, au achanganye na saikolojia? Ugomvi huo una historia yake na nitaupitia. Lakini aliyeketi kwenye benchi nje ya ofisi ya kanisa hana habari nao. Anajiuliza nani atamsikiliza, watakuwa wangapi, na akishasema, maneno yake yatalala wapi. Kwa maoni yangu, uponyaji wa moyo katika makanisa yetu hukwama hapo kuliko mahali pengine popote. Kanisa limerithi kikao. Kikao kina kazi yake, ila hakikuundwa kwa kazi ya kuponya moyo.

Tusikidharau. Kabla ya mchungaji kufika, ndoa ilikuwa mkataba wa koo mbili, na zilipogombana zilikaa chini: wajomba, mashangazi, wazee wa pande zote. Walitaka kujua nani kamkosea nani, faini iwe nini, mke arudi kwa mumewe au mahari irudishwe. Kikao hutafuta hukumu na amani. Ni chombo kizuri kwa mashauri yanayohesabika: ada, shamba, simu za usiku, mama mkwe anayeingia jikoni bila hodi. Kanisa lilibadilisha viti na kuweka Biblia mezani; mwenendo ukabaki ule ule. Kwa Walutheri na Waanglikana kuna wazee wa kanisa, kwa Wakatoliki kuna jumuiya ndogondogo na paroko, kwa Wapentekoste kuna mchungaji mwenyewe, mara nyingi na mkewe.

Serikali nayo ikakipa kikao nguvu ya sheria. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka shauri lipitie Baraza la Usuluhishi la Ndoa kabla mtu hajapeleka madai ya talaka mahakamani. Kila kata inapaswa kuwa na baraza, na jumuiya ya dini inaweza kupewa la kwake. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Likishindwa kuwapatanisha wahusika, linatoa hati inayokwenda mahakamani. Zipo hali chache zinazomwondolea mtu wajibu wa kupita huko, kama mwenzi aliyetoroka na hajulikani alipo, au aliyefungwa miaka isiyopungua 5. Kipigo hakikutajwa kwa jina katika orodha hiyo. Aliyepigwa itabidi aioneshe mahakama kwamba hali yake ni ya kipekee. Na bado sheria hiyo hiyo, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, mila iseme isemavyo. Nimekaa vikao vingi. Sijasikia kifungu cha 66 kikisomwa hata mara moja. Waefeso 5 husomwa kila mara, na kwa kawaida msomaji huanzia mstari wa 22, akiuruka ule wa 21 unaowataka wote wawili wanyenyekeane.

Basi chumba kile kile ni mahali pa kulia na ni mlango wa mahakama. Mtu anatakiwa aufungue moyo wake mbele ya watu ambao kesho wanaweza kuandika hati juu yake. Mwenye akili hufungua nusu.

Na lugha imekwisha kumfundisha afunge hiyo nusu nyingine. Funika kombe mwanaharamu apite: ndilo somo la sendofu na kichenpati, ambako makungwi wa mjini, wenye sare na kipaza sauti, humfundisha bibi arusi mapishi, usafi, mambo ya chumbani, na kufunga mdomo. Unyago wa zamani ulikuwa mrefu, na ulikuwa na somo: mwanamke mmoja aliyebaki kuwa wako maisha yako yote, ambaye akikukuta umevimba jicho hakuhitaji kuelezwa. Kichenpati imechukua maneno ya somo, imemwacha somo mwenyewe. Kanisani nako wachumba hupita mafundisho ya ndoa, majuma kadhaa au miezi, huku ndoa ikitangazwa na sheria ikidai taarifa ya siku 21. Hufundishwa agano au sakramenti, uzazi, bajeti. Ni nadra mmoja wao kuulizwa: kwenu, baba akikasirika, ilikuwaje? Swali hilo moja lingefunua mengi kuliko somo zima la bajeti. Wala lugha yetu haijakosa methali ya upande wa pili. Mficha ugonjwa kifo humuumbua. Ila hiyo haiandikwi kwenye keki.

Waliolifunua kombe kwa mara ya kwanza katika kanisa la Afrika Mashariki ni watu wa uamsho. Moto ulishika Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, kwenye hospitali ya misheni alikofanya kazi daktari Joe Church, aliyeshirikiana na Mganda Simeoni Nsibambi. Ukaenea Uganda, Burundi, Kenya, ukaingia Tanganyika kwa upande wa Kagera. Walokole, ndivyo walivyoitwa watu hao, waliungama hadharani, tena si dhambi za jumla jumla: fedha iliyoibwa, hawara, chuki kwa mke. Waume walisimama wakawaomba radhi wake zao mbele ya watu, jambo ambalo wazee waliliona kama kuvuliwa nguo barabarani. Mwanahistoria Derek Peterson, aliyeandika kitabu kizima juu ya uamsho huo mwaka 2012, ameeleza jinsi wazee na wanasiasa wa makabila walivyokereka. Siri za nyumba zilikuwa heshima ya ukoo, na hawa walikuwa wakizimwaga.

Nyumba nyingi zilipona kwa njia hiyo, na sitaki kuwaondolea walokole sifa hiyo. Lakini kuungama hadharani ni chombo cha aliyekosa. Yeye ndiye anayesema, yeye ndiye anayelia, yeye ndiye anayekumbatiwa. Aliyekosewa hana nafasi katika duara lile ila ya kusamehe, na kusamehe papo hapo, maana ndugu wanamtazama na wimbo umeshaanzwa. Mke aliyedanganywa miaka kumi hupewa dakika mbili.

Mlango mwingine ni madhabahu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Edmund John, Mwanglikana na ndugu wa Askofu Mkuu John Sepeku, alizunguka Tanzania akiwaombea wagonjwa na wenye mapepo, mpaka alipofariki 1975. Hakuwa na kanisa lake. Alifanya huduma ndani ya kanisa la kihistoria, na tangu wakati ule hakuna dhehebu linaloweza kusema maombezi ni mambo ya Wapentekoste tu. Wakatoliki nao wakapata Karismatiki, iliyochipuka mwaka 1967 katika mafungo ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duquesne, Marekani. Pamoja nayo likaja neno "uponyaji wa ndani", ambalo mizizi yake ni mafundisho ya Agnes Sanford, Mmarekani aliyezaliwa China kwa wazazi wamisionari, na ambalo Francis MacNutt alilieneza sana kwa kitabu chake cha 1974. Muumini hurudishwa kwa sala kwenye tukio la utotoni, akamwalika Kristo awepo pale. Kwa Wapentekoste mkazo uko kwingine: laana za ukoo, maagano ya mababu, mume wa rohoni.

Nisiwe mwepesi wa kucheka. Mtu anayesema ukoo wake una laana mara nyingi anasema kweli: babu alipiga, baba alipiga, na mimi juzi nimepiga. Mwanasaikolojia angeichora habari hiyo hiyo kwa duara na mistari ya vizazi vitatu. Tena maombezi humpa mtu vitu ambavyo kikao hakitoi: mkono begani, jina lake likitajwa kwa sauti, ruhusa ya kulia mpaka aishiwe. Kwa mwanamume wa kwetu, madhabahu pengine ndiyo mahali pekee anapoweza kutoa machozi bila kuulizwa kulikoni.

Tabu ni pale hatia inapohama. Mume akielezwa kwamba ni roho ya ukoo inayompiga mkewe, kosa linatoka mkononi mwake linakwenda kaburini kwa babu. Tabu ya pili ni haraka: foleni ya watu mia, kila mmoja dakika tatu. Ya tatu ni mgonjwa wa sonona kuambiwa kwamba huzuni yake ni upungufu wa imani, na vidonge avitupe. Wanaosema hivyo wangesoma tena 1 Wafalme 19. Eliya, ametoka kushinda Karmeli, anakaa chini ya mretemu na kuomba afe. Malaika hamkemei pepo yeyote. Anampa mkate na maji, anamwacha alale, anarudi anamlisha tena. Swali linakuja baadaye sana, baada ya safari ya siku arobaini, na ni swali la kumtaka aeleze. Chakula, usingizi, muda, ndipo maneno. Sijaona semina iliyopanga vizuri zaidi.

Sasa ule ugomvi wa Biblia na saikolojia, kwa ufupi. Mwaka 1925 Anton Boisen, mchungaji aliyewahi kulazwa yeye mwenyewe kwa ugonjwa wa akili, alianza kuwafunza wanafunzi wa theolojia katika hospitali ya Worcester, Massachusetts. Alitaka wamsome mgonjwa kwa uangalifu ule ule wanaomsomea mtakatifu Paulo. Mafunzo ya aina hiyo yakaenea duniani, na kwetu yamepata makao katika hospitali ya KCMC, Moshi. Mwaka 1970 mchungaji wa Kimarekani, Jay Adams, akapiga kengele: wachungaji wamewakabidhi kondoo wao kwa Freud, ilhali matatizo mengi ya watu ni dhambi na dawa yake ni kuonywa kwa Maandiko. Gary Collins na wengine wakatafuta njia ya katikati. Wachungaji wetu wengi ni wanafunzi wa Adams bila ya kumsoma. Mtu anakuja, anaonyeshwa mstari, anaombewa, anaondoka. Kosa hapo si mstari. Ni kwamba dawa imetolewa kabla mgonjwa hajamaliza kueleza anaumwa wapi.

Karibu nasi zaidi ni Gladys Mwiti, mwanasaikolojia wa Kenya aliyeanzisha Oasis Africa jijini Nairobi. Yeye na Al Dueck wa seminari ya Fuller, California, wameandika kitabu cha unasihi wa Kikristo kinachoanzia kwenye hekima ya Kiafrika. Mtu wa kwetu haji peke yake. Huja na ukoo wake, hata akiwa ameketi mwenyewe kitini, na mnasihi asiyeuona ukoo huo anamtibu nusu mtu. Nakubali, kwa tahadhari moja ambayo yule mama wa bodaboda alinifundisha: mara nyingine ukoo ndio uliojeruhi, na ndio huo huo unaokalia meza ya usuluhishi.

Kilichobadili hali kuliko vitabu vyote hivi kilikuwa ugonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waliripotiwa Kagera mwaka 1983. Uganda, mwaka 1987, Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mumewe kwa ugonjwa huo, alianzisha shirika la TASO la kuwasaidia wagonjwa, pamoja na wenzake. Katika miaka iliyofuata maneno "ushauri nasaha" yakaingia kila zahanati, zikiwemo za misheni, yakaleta sharti ambalo kikao hakikulijua: mnasihi mmoja, mteja mmoja, mlango umefungwa, na linalosemwa halitoki. Mkulima wa migomba ambaye maisha yake yote hakuwa na siri asiyoijua shangazi yake alikutana na nesi aliyemwambia: habari hii ni yako, utaamua mwenyewe umwambie nani. Sidhani kama tumeupima vya kutosha uzito wa sentensi ile. Wakatoliki watasema wao walikuwa nayo zamani, katika kitubio, na ni kweli. Muhuri wa kitubio hauvunjwi kwa sababu yoyote. Ila kitubio nacho ni cha mkosaji. Mwanamke aliyebakwa hana cha kuungama. Wapo wanaokwenda kuungama hivyo hivyo, kwa kuwa ndipo mahali pekee penye pazia.

Nimefika kwenye neno linalosemwa kuliko yote katika unasihi wa kanisa: samehe. Mezani neno hilo hubeba mizigo mitatu kwa mpigo. Maana yake ya kwanza ni kuachilia kinyongo. Ya pili ni kurudiana na kulala nyumba moja. Ya tatu, ambayo haitamkwi, ni kunyamaza. Mke akikubali ya kwanza anahesabiwa amekubali zote. Kumbe Biblia yenyewe huzitenganisha. Yusufu hakujitambulisha kwa ndugu zake siku ile walipomwinamia kwa ajili ya nafaka. Alimshikilia Simeoni, akaficha kikombe katika gunia la Benjamini, akangoja aone kama watamtupa mtoto wa Raheli mara ya pili. Yuda alipojitoa awe mtumwa badala ya mdogo wake, hapo ndipo Yusufu alipowatoa watu wote nje na kulia kwa sauti. Huenda moyoni alikuwa amesamehe zamani. Kurudiana kulisubiri ushahidi. Na angalieni kwamba hata yeye, waziri mzima wa Misri, kwa saa ile alitaka chumba, si baraza.

Kanisa Katoliki, ambalo msimamo wake juu ya ndoa kutovunjika unajulikana na kila mtoto wa kipaimara, lina kanuni ya 1153 katika Sheria ya Kanisa ya 1983: mwenzi anayemhatarisha vibaya mwenzake au watoto, mwilini au rohoni, anampa sababu halali ya kutengana naye. Papa Fransisko katika Amoris Laetitia, mwaka 2016, alikiri kwamba kuna nyakati kutengana hakuepukiki, hata kuwa wajibu. Si mafundisho ya siri. Ni kwamba katika jumuiya ndogondogo "ndoa haivunjiki" imehubiriwa kwa namna ambayo wanawake wamesikia kwamba mtu haruhusiwi kutoka ndani hata paa likiwaka. Waprotestanti wasijione wako mbali. Wao wanayo talaka katika taratibu zao, lakini mwanamke aliyeondoka kwenye kipigo bado anaweza kujikuta ametengwa na meza ya Bwana mpaka "arudi kundini", huku mwenzake akiendelea kukusanya sadaka.

Sura inayolieleza jambo hili kuliko zote ni 2 Samweli 13, na sikumbuki kuisikia ikihubiriwa Jumapili. Amnoni, mwana wa mfalme, anambaka Tamari, dada yake. Kaka mwingine, Absalomu, anamwambia anyamaze kwa kuwa mtendaji ni ndugu. Baba, mfalme Daudi, anapata habari, anakasirika sana, hafanyi kitu. Hicho ni kikao kamili: akidi imetimia, heshima ya nyumba imelindwa. Tamari ndiye aliyekuwa na maneno ya busara kuliko wanaume wote wa sura ile, na baada ya kufukuzwa mlangoni mwandishi hampi tena neno hata moja. Anabaki katika ukiwa nyumbani kwa Absalomu. Miaka miwili baadaye damu inamwagika mezani. Kituo cha Ujamaa cha Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Pietermaritzburg (ndiyo, jina ni la Kiswahili) kiliifanya sura hii somo la vikundi, ikawa Kampeni ya Tamari. FECCLAHA, ushirika wa mabaraza ya makanisa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika wenye makao Nairobi, ukaileta kwetu. Kikundi husoma sura, huulizwa maswali machache: nani wamo, kila mmoja alifanya nini, Tamari alisema nini. Wanawake huanza kwa kuzungumza habari za Tamari. Saa moja baadaye hawazungumzi tena habari za Tamari.

Watoto nao? Utafiti wa kitaifa juu ya ukatili kwa watoto uliofanyika Tanzania 2009 na kutangazwa 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walipata kipigo. Kikao cha ndoa hakimwiti mtoto. Yeye ndiye shahidi aliyesikia yote, maana katika nyumba nyingi ukuta haufiki kwenye bati. Mchungaji mmoja aliniambia, "Ni mdogo, atasahau." Mtoto huyo baada ya miaka ishirini hurudi kwa mchungaji huyo huyo kuandikisha ndoa. Kanisa lina shule ya Jumapili kila wiki, yenye walimu vijana ambao watoto huwapenda na kuwaambia mambo, na ambao hakuna aliyewafundisha wafanye nini wakiambiwa.

Baada ya kusema haya yote mtu anaweza kudhani nataka kila muumini afungiwe chumbani na mtaalamu. Sitaki, na hata ningetaka wataalamu hawatoshi. Kikundi kinaweza kuponya, kikipangwa vingine. Mwaka 2004 Paulines Publications Africa ya Nairobi ilichapa kitabu kidogo juu ya uponyaji wa majeraha ya moyo, kilichoandikwa na Harriet Hill, Margaret Hill, Richard Baggé na Pat Miersma kwa ajili ya makanisa yaliyopita vitani. Kimetafsiriwa kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Watu hukaa wachache wachache. Hujifunza kwanza kusikiliza, na msikilizaji anakatazwa kuhubiri. Huzuni hufundishwa kama safari ya kupita vijiji, na kikundi huonywa juu ya njia ya mkato inayojidai kumfikisha mfiwa kijiji cha mwisho bila kulala njiani. Kila mtu huandika maombolezo yake mwenyewe, kisha maumivu yaliyoandikwa kwenye karatasi huletwa msalabani na kuchomwa moto. Karatasi haiingii katika daftari la mtu.

Maombolezo ni kitu tulichokuwa nacho tukakitupa. Karibu theluthi ya Zaburi ni malalamiko mbele za Mungu, na matanga yetu ya zamani yalijua kwamba mfiwa hakai peke yake na halazimishwi kunyamaza. Leo kwenye msiba wa Kikristo mjane akianza kulia kwa sauti, kwaya huongeza sauti. Kongo ya mashariki wamelazimika kujifunza upya. Hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyoanzishwa 1999 na daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste, chini ya kanisa la CEPAC, ilianza kwa kutibu mwili wa wanawake waliobakwa. Ikaonekana mwili ukishonwa peke yake haitoshi. Pakaongezwa unasihi, msaada wa sheria, na kazi ya kumwingizia mama kipato, kwa sababu mwanamke aliyepona kisha akakataliwa na mumewe na hana pa kwenda hajapona.

Nani atafanya kazi hii katika usharika wa kawaida? Kwa sasa anayeifanya ni mama mchungaji. Hakusomea, halipwi, hakuchaguliwa, aliolewa tu. Wanawake humfuata jikoni kwake, wakimsaidia kumenya vitunguu ili machozi yapate kisingizio. Anajua siri za nusu ya washarika na hana wa kumwambia lake, maana mume wake ndiye mchungaji wake. Nikiulizwa bajeti ya unasihi ianzie wapi, ningeanza na huyo, nimtafutie mtu wa kumsikiliza aliye nje ya dayosisi.

Usharika mmoja ninaoufahamu ulisafisha stoo ya viti vya plastiki, ukaweka viti viwili na pazia. Mnasihi ni nesi mstaafu, aliyejifunza kusikiliza zile enzi za VVU. Majuma ya kwanza hakuja mtu, kwa sababu benchi la kusubiria lilitazamana na geti. Nesi akaliondoa benchi, akafungua mlango wa nyuma unaotokea jikoni, akahamishia siku yake Jumatano, siku ya mazoezi ya kwaya ya akina mama. Ukiulizwa ulikwenda wapi, ulikwenda kwaya. Mwisho wa mwezi mwenyekiti wa wazee alimwomba taarifa ya maandishi, kama zinavyotolewa taarifa zote. Nesi akampa karatasi iliyoandikwa namba moja tu: 14. Mwenyekiti akaigeuza upande wa pili, akitafuta majina.